Tupeni mtu wa kumuuliza: barua ya wazi kwa wanaosimamia mafunzo ya walimu kazini

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais – TAMISEMI. Na kwa Taasisi ya Elimu Tanzania.

Waheshimiwa,

Salaam kutoka Singida. Mimi ni mwalimu wa Darasa la Pili katika shule ya msingi ya kijijini. Nina miaka 17 kazini. Mwaka huu nina wanafunzi 94, na kwa hesabu yangu mwenyewe watoto 11 kati yao hawawezi kujifunza vizuri nikiwafundisha kama ninavyowafundisha wenzao. Mmoja ana ualbino na haoni ubao akiwa mbali. Mmoja ana kigugumizi kikali. Wengine sijui wana nini, na hao ndio walionifanya niwaandikie.

Naomba nianze na mtoto wa kiume niliyemfundisha miaka miwili iliyopita. Alikaa dawati la nyuma kabisa, karibu na dirisha. Ukimwita haitiki. Ukimuuliza tano kujumlisha tatu ni ngapi, anakutajia jina la baba yake. Wenzake wakianza kuandika, yeye kwanza huchungulia daftari la jirani, ndipo anashika penseli. Nilimwita mkaidi. Nilimwambia mama yake hivyo siku ya kikao cha wazazi, mbele ya watu. Nilimsimamisha mlangoni zaidi ya mara moja. Naandika haya kwa uchungu, kwa sababu mtoto yule hakuwa na kosa lolote.

Mwezi Julai mwaka ule, Alhamisi moja saa nane mchana, Jumuiya ya Ujifunzaji ya shule yetu, yaani kikao cha walimu cha kujifunza pamoja, ilikutana kama kawaida ya MEWAKA, mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini wenye masomo ya mtandaoni. Mada ilikuwa elimu jumuishi, yaani kuwafundisha watoto wenye mahitaji maalumu pamoja na wenzao. Tulikuwa walimu saba tumezunguka kishikwambi kimoja, mwenzetu anasoma kwa sauti. Akafika kwenye dalili za mtoto mwenye usikivu hafifu: hujibu swali ambalo hakuulizwa, hukodolea midomo ya mwalimu, husubiri kuona wenzake wanafanya nini ndipo naye aanze. Nilihisi mwili umekufa ganzi. Kesho yake asubuhi, watoto wakiwa kwenye zoezi, nilikwenda nikasimama nyuma ya yule mtoto, nikamwita kwa jina kwa sauti ya kawaida. Watoto sita waligeuka. Yeye hakugeuka.

Nilimwita mama yake, safari hii faragha. Akanieleza kuwa mtoto alitoka usaha masikioni tangu akibebwa mgongoni, na kwamba nyumbani walikuwa wakimtilia matone ya mafuta ya alizeti. Tukaandika barua, akampeleka hospitali ya wilaya. Sikio la kushoto halikurudi. La kulia lilisafishwa, likatibiwa, na linasikia. Nikamhamishia dawati la mbele, upande ambao sikio lake la kulia linanielekea, na nikajizoeza kutoongea huku nimegeukia ubao. Kufikia Novemba alikuwa anasoma aya fupi mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Takwimu hiyo kwangu ina sura na ina jina.

Nimetanguliza ushuhuda huu ili asiwepo wa kudhani kwamba napinga mafunzo ya mtandaoni. Mimi ni mnufaika. Zamani mmoja wetu ndiye aliyekwenda semina mkoani, akarudi na makabrasha, akatueleza kwa nusu saa alichofundishwa kwa siku tano. Wengine tulikaa miaka kumi bila kuitwa semina yoyote. Nilipokuwa chuoni kusomea Cheti cha Ualimu, habari za watoto wenye mahitaji maalumu zilikuwa mada moja tu, na zilipita kama basi lisilosimama. Leo mwalimu wa kijijini anaweza kufungua somo lile lile analosoma mwenzake wa Dar es Salaam. Serikali ilipochukua vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 ikavileta mikononi mwa walimu, ilifanya jambo jema, na mimi ni mmoja wa walioshukuru.

Lakini kuna mahali somo linakwisha na mtoto bado yupo.

Mwaka huu nina binti wa miaka tisa. Mpe sentensi, “Mama anapika ugali jikoni,” atakusomea: ma – ma – a – na – pi – ka – u – ga – li – ji – ko – ni. Kila silabi ni sahihi. Hakosei hata moja. Ila wakati anafika mwisho, wenzake wamemaliza ukurasa, na ukimuuliza amesoma nini, ameshasahau kilichokuwa mwanzoni. Msimulie hadithi ile ile kwa mdomo, atakurudishia yote, pamoja na mambo ambayo wewe mwenyewe uliyaruka. Kichwa chake kizima kabisa. Kinachomshinda ni kusoma.

Nilitafuta msaada kwenye kozi moja ya mtandaoni kuhusu watoto wenye ugumu wa kusoma, yaani disleksia. Sitaitaja ni ya nani, kwa kuwa nia yangu si kumlaumu mtu. Ilikuwa kwa Kiswahili, lakini ilionekana wazi kwamba iliandikwa kwanza kwa ajili ya watoto wanaojifunza kusoma Kiingereza. Iliniambia nimtazame mtoto anayechanganya sauti, anayebahatisha neno kwa kuona herufi yake ya kwanza, anayesoma neno moja vizuri hapa na kulikosea pale. Binti yangu hana hata dalili moja kati ya hizo. Nikajibu maswali kumi ya kuchagua, nikapata tisa, nikapewa cheti. Kwa mujibu wa cheti kile, mimi ninajua disleksia. Kwa mujibu wa kozi ile ile, binti huyu hana tatizo.

Jambo hili naomba mlitazame kwa makini, maana linahusu lugha yetu. Katika Kiingereza herufi ile ile hubadilika sauti kila mara, kwa hiyo mtoto mwenye shida huonekana haraka kwa wingi wa makosa. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma neno lolote, hata ambalo hajawahi kulisikia. Ndiyo maana katika lugha za namna hii, kama Kihispania na Kitaliano, watafiti wameona kwamba mtoto mwenye disleksia mara nyingi husoma kwa usahihi lakini polepole mno. Mwalimu anayehesabu makosa hatamwona. Inabidi ashike saa. Atazame pia mtoto anakwama wapi: mara nyingi si kwenye “ba be bi bo bu”, ni kwenye silabi zinazoandikwa kwa herufi nyingi za konsonanti, kama “nywa” ya kunywa au “ng'o” ya ng'ombe iliyokaa katikati ya sentensi. Mambo haya hayawezi kutafsiriwa kutoka kwingine. Yataandikwa na watu waliokaa na watoto wetu kwenye madawati yetu, na watu hao tunao.

Mmoja wao ndiye aliyenisaidia. Ni mwalimu aliyesomea elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, kule Tengeru, Arusha, na sasa anafundisha kwenye kitengo cha elimu maalumu katika shule iliyo kilomita 60 kutoka kwetu. Namba yake niliipata kwa rafiki wa rafiki. Nilimwandikia usiku, nikieleza habari za binti yule, nikiomba radhi kwa usumbufu. Asubuhi nilikuta ujumbe wa sauti wa dakika nne. Aliniuliza kwanza kama mtoto amepimwa macho. Kisha akaniambia nimpe kifungu kifupi kile kile akisome mara nne kwa wiki, na kila Ijumaa nipime kwa dakika moja amefika neno la ngapi, nimwonyeshe mwenyewe maendeleo yake. Nisimsimamishe kusoma mbele ya darasa. Nimkalishe na mwenzake anayesoma vizuri, wasome pamoja kwa sauti ya chini. Na kwenye mitihani ya darasani nimsomee maswali ya kuhesabu, kwa sababu pale napima kuhesabu, sipimi kusoma.

Wiki ya kwanza binti alisoma maneno 11 kwa dakika. Wiki ya nane alisoma 26. Bado yuko nyuma sana, lakini ameacha kuumwa tumbo kila siku yenye kipindi cha kusoma.

Waheshimiwa, ujumbe ule wa dakika nne ulinisaidia kuliko kozi nzima, na sababu yake ni moja: ulijibu swali langu kuhusu mtoto wangu. Sikumlipa mwalimu yule hata shilingi. Hakuna anayemlipa kwa kazi hiyo. Ana darasa lake, na vipindi vyake havijapunguzwa. Nimeambiwa kwamba walimu wanaompigia ni wengi, na kwamba mke wake hulalamika simu inavyoita wakati wa kula.

Ombi langu kwenu ni kwamba kazi anayoifanya mtu huyu iwe kazi rasmi.

Tanzania Bara ina halmashauri 184. Kila halmashauri ikitenga walimu watatu wenye taaluma ya elimu maalumu, mmoja kwa upande wa kusikia, mmoja wa kuona, mmoja wa ugumu wa kujifunza na usonji, nchi nzima ni walimu 552. Sisemi muwaajiri wapya wote hao. Wengi wapo tayari, wanafundisha kwenye vitengo na shule maalumu, na wapo waliosomea elimu maalumu lakini wamepangwa madarasa ya kawaida ambako hakuna anayewauliza chochote. Wapunguzieni vipindi, wapeni posho ya mawasiliano, na tangazeni namba zao kwa kila shule. Mwalimu akituma swali, ajibiwe ndani ya siku mbili, kwa simu au kwa ujumbe wa sauti. Mara moja kwa muhula mshauri huyo atembelee shule zenye maswali mengi, aone watoto kwa macho yake, maana yapo mambo ambayo simu haionyeshi. Nafahamu kuna afisa wa elimu maalumu katika halmashauri, na mahali pengi anajituma sana, lakini mtu mmoja mwenye shule zaidi ya mia moja, mara nyingi bila usafiri, hawezi kuwa mshauri wa kila darasa.

Maswali hayo yasipotee. Taasisi ya Elimu iyakusanye. Swali likiulizwa na walimu mia mbili kutoka Kagera mpaka Mtwara, hiyo ndiyo moduli, yaani somo la mafunzo, inayofuata. Kwa njia hiyo somo la mtandaoni litaandikwa kutoka darasani kwenda juu, na tutakuwa na maandiko ya Kiswahili kuhusu disleksia ya Kiswahili.

Niseme pia habari za bando, ingawa najua mmezisikia. Kishikwambi bila bando hakifungui somo lolote. Katika shule yetu mtandao unashika vizuri chini ya mwembe na kwenye kona ya ofisi ya mwalimu mkuu. Video ya dakika kumi hula bando ambalo mwalimu angelitumia wiki nzima kuwasiliana na watoto wake waliopo masomoni mbali, na bando hilo analinunua mwenyewe. Kaeni na kampuni za simu ili masomo ya walimu yafunguke bila kukata bando. Na hata kabla ya hapo, lipo jambo la gharama ndogo: vituo vya walimu. Mradi wa BOOST, ule wa serikali wa kuboresha elimu ya awali na msingi, uliviweka vituo hivyo kwenye mpango wa kupatiwa vifaa vya TEHAMA. Moduli zote zihifadhiwe pale, mwalimu afike na memori kadi yake siku ya mnada, anakili, aondoke. Ziwepo pia za sauti tupu, ndogo, za kusikiliza njiani. Zitawafaa hata walimu wenzetu wasioona. Na walimu viziwi, ambao wapo na wanafundisha, wasifunguliwe video yenye maneno matupu bila Lugha ya Alama ya Tanzania. Ingekuwa aibu kwa somo la elimu jumuishi kumwacha nje mwalimu mwenye ulemavu.

Kuhusu vikao vya Jumuiya za Ujifunzaji, nina jambo moja kutokana na nilichokiona. Shule nyingi hukutana, mmoja anasoma moduli, wengine wanasaini mahudhurio, kikao kinafungwa. Kikao chetu kilichozaa matunda kuliko vyote hakikuanza na moduli. Mwalimu wa Darasa la Nne alikuja na madaftari matatu ya watoto wake, akayaweka mezani akasema, “Nisaidieni, hawa nimewashindwa.” Tulikaa saa mbili. Tuligundua kwamba mmoja anaandika vizuri asubuhi na hovyo baada ya saa sita. Kumbe anakuja shule bila kula, na saa hizo anakuwa ameishiwa nguvu. Mwingine kila anachonakili kutoka ubaoni kimekosewa, lakini imla anapata. Tukasema huyu haoni mbali. Wa tatu hatukumwelewa. Baada ya hapo ndipo tukafungua moduli, tukiitafutia kitu mahususi. Mwongozo wa vikao ukibadilishwa sentensi moja tu, kwamba kila kikao kianze na daftari la mtoto, nina hakika mengi yatafuata yenyewe.

Wazo la kumfikia kila mtoto si geni kwenu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inasema wasibaguliwe katika elimu. Mwaka mmoja kabla yake nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na Ibara yake ya 24 inataja mafunzo ya walimu waziwazi. Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi uliandikwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Kwa hiyo mkakati unaofuata ndio mahali pa kuandika neno hili, mshauri, na kuliwekea fedha yake. Wenzetu Kenya wana taasisi nzima ya elimu maalumu, KISE, jijini Nairobi tangu 1986, na kazi yake haiishii kufundisha walimu, inahusu pia kuwapima watoto. Patandi yetu ina uzoefu mkubwa na heshima kubwa. Ikipewa studio, wataalamu na mamlaka ya kuwasimamia washauri hao 552, itafika mpaka shule isiyo na barabara.

Wengine watasema walimu wa kawaida tuna mzigo wa kutosha. Ni kweli tunao. Lakini mzigo mzito kuliko wote niliowahi kuubeba ni kumtazama mtoto kila siku kwa miezi tisa, nikijua kwamba kuna kitu sikijui, na kwamba yupo mtu mahali fulani anayekijua.

Katika daftari langu la maandalio, ukurasa wa mwisho, nimeandika maswali ambayo sijapata wa kuyajibu. Yako saba. Nawaandikia moja, kama vile washauri hao wapo tayari na barua hii inawafikia.

Nina mtoto wa kike wa miaka minane. Mara tano au sita kwa siku hunyamaza ghafla katikati ya neno, macho yametulia mahali pamoja, kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Haanguki, hatoi povu. Kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ila hajui tumefika wapi. Wenzake wameanza kusema ana mashetani, na bibi yake anayemlea ameshampeleka kwa mganga mara mbili. Je, hiki kinaweza kuwa kifafa cha aina isiyoangusha? Zahanati yetu ya kijiji inatosha, au nimwambie bibi aende moja kwa moja hospitali ya mkoa? Nimwelezeje bibi bila kumtisha wala kumvunjia heshima? Na pale darasani, mtoto akizinduka, nirudie alichokosa mbele ya wote, au nimnong'oneze?

Shule inafunguliwa Jumatatu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Darasa la Pili
Singida